Kokwa Zilizonyamaza

Jumapili iliyopita Shiro, binti ya dada yangu, alikuja kwangu hapa Kamenu akiwa amenuna. Amepandishwa cheo majuzi katika kiwanda kimoja cha nguo kule Ruiru. Sasa ana washonaji ishirini na wanne chini yake, na kadi ya shingoni yenye picha yake. Nilidhani angeingia akicheka. Badala yake alijitupa kwenye kochi, akavua viatu na kuanza kunilalamikia mimi tata yake, yaani shangazi yake.

"Tata, hawa watu wangu hawana ideas. Kila asubuhi nawauliza, kuna mtu ako na swali? Kuna mtu ako na maoni? Wananyamaza tu. Nikiuliza kwa WhatsApp wananitumia kidole gumba. Ishirini na nne vidole gumba!"

"Ukishauliza, unangoja kiasi gani?" nikamwuliza.

"Kungoja aje, tata? Mashine zinangoja. Nikiona hakuna mkono juu, tunaanza kazi."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, naye akazidi kununa. Sikuwa namcheka yeye. Nilikuwa najicheka mwenyewe, kwa sababu nilifanya hivyo hivyo kwa miaka mingi, tena kwa sauti kubwa kuliko yake. Basi nikamsimulia mambo fulani, na baadaye nikaona heri niyaandike. Nyinyi nyote mliopewa watu wa kuongoza juzi juzi, kaeni kidogo na mama huyu mstaafu, sitawachelewesha sana.

Kazi yangu ilikuwa katika kiwanda cha makadamia hapa Thika. Kwa asiyejua, kokwa ya makadamia ina ganda gumu ajabu. Ukiigonga na nyundo vibaya, itaruka ikugonge wewe. Ndani kuna kiini cheupe cha mviringo. Mnunuzi wa ng'ambo anataka kiini kizima. Vikiwa vipande bei inashuka, na vipande vikizidi sana anarudisha kontena. Kokwa hutoka kwa wakulima zikiwa mbichi, tunazikausha ndani ya mapipa marefu ya chuma yanayopulizwa hewa ya moto kutoka chini, halafu zinapita mezani akina mama waondoe mbovu na mawe, kisha zinaingia kwenye mashine ya kupasua. Mimi nilianzia mezani hapo nikiwa msichana, nikaja kumaliza nikiwa msimamizi wa wanawake arobaini. Waliniita Madam Wairimu. Nyuma yangu, nimekuja kujua baadaye, waliniita Honi.

Jina hilo nililistahili. Kila asubuhi saa moja na nusu nilisimama mbele yao, nikatoa maagizo ya siku kwa dakika tatu, nikamaliza na "Mmeelewa?" Nao kwa pamoja, "Tumeelewa, madam!" "Kuna swali?" "Hakuna, madam!" Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshageuka naelekea ofisini. Niliona raha sana. Nilifikiri nina timu iliyo na nidhamu kuliko zote Thika.

Sasa sikieni. Desturi yetu ilikuwa viini vizima viingie kreti nyeupe, na vipande viingie kreti za bluu. Hata paka wa kiwandani alijua hivyo. Asubuhi moja mtoto wangu alikuwa amekesha na homa, nami nimefika kazini macho mekundu, nikasimama nikasema kinyume: vizima kwenye bluu, vipande kwenye nyeupe. Mmeelewa? Tumeelewa, madam! Saa nne napita mezani, nakuta kazi yote imegeuzwa. Wanawake arobaini, wengine wenye miaka kumi hapo, walikuwa wamefanya makosa kwa utulivu kabisa kuanzia asubuhi.

"Hamna macho?" nikapiga honi. "Mbona hakuna mtu alisema?"

Wakaangalia chini. Mwishowe mmoja akasema, "Tulidhani sheria imebadilika, madam. Na ulikuwa umekasirika."

Siku hiyo niliwafokea hadi saa sita. Leo naona aibu hata kuandika. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kuwa mkubwa akiuliza "Mmeelewa?" jibu ni moja, na mwenye jibu la pili anabaki amesimama peke yake. Mimi niliuliza jambo ambalo jibu lake nilikuwa nalo tayari, halafu nikashangaa kupewa jibu hilo hilo.

Nilijaribu pia sanduku la maoni. Seremala alilitengeneza vizuri, lina kufuli na tundu juu, tukalitundika karibu na mlango wa kantini. Baada ya mwezi nililifungua kwa sherehe, meneja akiwa kando yangu. Tulikuta maganda matatu ya makadamia, karatasi ya peremende, na kadi ya kualika watu kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti ya mtu. Meneja alisoma hiyo kadi mara mbili. Ruracio nilienda, na chakula kilikuwa kizuri.

Aliyejua kuuliza pale kiwandani alikuwa fundi wa mitambo, Mutua, Mkamba mmoja mpole wa upande wa Matuu. Mashine ikigoma, mimi nilifika nikiuliza, "Nani ameharibu?" Kwa hiyo kila mtu aliruka nyuma hatua mbili. Mutua alimwendea yule mama anayeiendesha, akamsalimia vizuri, kisha akauliza, "Hii kitu ilianza kubadilisha sauti lini?" Halafu hakusema neno tena. Alitoa kitambaa mfukoni akaanza kupangusa spana yake. Spana yenyewe ilikuwa safi. Aliipangusa polepole, upande huu, upande ule, na kabla hajamaliza yule mama angekuwa amemweleza mambo yote, hata yale ambayo mimi nilikuwa nimeyatafuta wiki nzima.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anapangusa spana isiyo na uchafu.

"Madam," akasema, "mtu hawezi kuongea kama unamwangalia mdomo. Na mimi nisiposhika kitu, nitaanza kujijibu mwenyewe."

Nilicheka nikaenda zangu. Niliona ni mambo ya mafundi. Mutua alistaafu akarudi kwao, na mimi nikabaki na honi yangu.

Ilikuwa imebaki miaka mitatu nistaafu wakati kiwanda kilipoleta mapipa mapya ya kukaushia, yenye kipimo cha kisasa kinachoonyesha ukavu kwa tarakimu. Zamani tulitegemea mkono wa mtu kupima ukavu. Sasa tarakimu ikifika mahali fulani, kengele inalia, pipa linafunguliwa chini, kokwa zinatoka. Tulipiga makofi. Miezi miwili baadaye vipande vilianza kuongezeka. Kontena moja ikarudishwa. Meneja akaniita ofisini Jumatatu, akanionyesha karatasi za hesabu ya vipande, saa kwa saa.

"Ona mwenyewe," akasema. "Asubuhi tuko sawa. Baada ya chai ya saa nne, vipande tele. Wakitoka chai wanapiga domo, mikono inalala. Laini ya pili ndiyo mbaya zaidi. Nimeamua kuifunga. Niletee majina kumi na mawili Ijumaa saa sita."

Nilijaribu kubisha, lakini karatasi zilikuwa mbele yangu na tarakimu hazikuwa zikidanganya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaona wakicheka wakitoka chai. Basi Jumanne nikakaa na kalamu. Nataka mjue jinsi kazi hiyo ilivyo. Unaandika jina la mtu unayejua anakaa wapi Makongeni, unayejua mtoto wake yuko kidato cha pili, uliyemzikia mume. Nililia kidogo, halafu nikaendelea kuandika, kwa sababu nilikuwa nimezoea kutii kama wao.

Jina la kwanza nililoandika lilikuwa la Nyambura. Halikunipa shida. Nyambura alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, na alikuwa mzito wa mkono kuliko wote katika laini ya pili. Wenzake wakijaza kreti tatu, yeye alikuwa na mbili. Tena alikuwa na ndoo chini ya meza ambayo aliitupia kokwa moja moja, na kila nikipita aliisukuma nyuma kwa mguu. Nilihisi anaficha kitu. Nilijiambia, huyu akienda hakuna atakayeuliza.

Jumatano wakati wa chakula, mashine zikiwa zimezimwa, nilimkuta bado yuko mezani anachambua. Sijui ni nini kilinisukuma. Pengine nilitaka kuhakikisha kwamba nimeandika jina linalofaa, ili nilale vizuri. Nikageuza kreti tupu, nikaikalia karibu naye.

"Nyambura, mbona uko nyuma hivi?"

"Pole, madam."

"Una shida nyumbani?"

"Hapana, madam."

"Kuna mtu anakusumbua hapa?"

"Hapana, madam."

Maswali matatu, na kwa kila moja alizidi kujikunja. Nikaona mikono yake inatetemeka. Nilikuwa karibu kuinuka niondoke, kama nilivyoondoka kila asubuhi, ndipo nikamkumbuka Mutua. Mutua hakuwahi kumwuliza mtu kuhusu mtu. Aliuliza kuhusu kitu kilichokuwa mbele yao. Nikainama nikaivuta ile ndoo.

"Hizi kokwa za ndoo," nikasema, "zimekosa nini?"

Hakujibu. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya uongozi, nilifunga mdomo. Sikuwa na spana, basi nikavua miwani yangu nikaanza kuipangusa kwa pindo la aproni. Nikapangusa kioo cha kulia. Nikapangusa cha kushoto. Nikarudi cha kulia. Nawaambia, kimya hicho kilikuwa kirefu, na mara nne nilishika maneno yakiwa ulimini. Ndipo Nyambura akachukua kokwa moja kutoka mezani, akaileta karibu na sikio langu na kuitikisa.

"Sikia hii."

Kiini kilikuwa kinagonga ganda ndani, kadu, kadu.

Akachukua nyingine kutoka kwenye ndoo. "Sasa hii."

Kimya. Hakuna sauti hata kidogo.

"Hiyo haijakauka, madam. Kiini kimeshikana na ganda. Ikiingia kwa mashine, ganda likipasuka kinapasuka nalo. Ile inalia imeachana, inatoka nzima."

"Ziko nyingi?"

"Asubuhi hakuna. Zinaanza tukitoka chai. Unajua pipa linafunguliwa chini, kwa hivyo za chini ndizo hutoka kwanza, na hizo ziko sawa. Ikifika saa nne, za chini zimeisha, tunaletewa za juu. Moto unatoka chini, madam. Na ile kitu yao ya kupima, wameiweka chini pia."

Nilikaa pale na miwani mkononi. Karatasi za meneja zilisema kweli kuhusu saa, na sote tuliosoma tulikuwa tumeelewa kinyume.

"Na ndoo?"

"Jioni namrudishia yule wa mapipa azikaushe tena. Singeweza kuziacha zipite na najua zitavunjika. Lakini ndoo ni moja, na pipa ni kubwa."

"Nyambura, kwa nini hukusema?"

Hapo nilikuwa nimerudia honi, nilijisikia. Lakini alikuwa ameshaanza kuongea, na hakurudi nyuma.

"Nilisema, madam. Ile wiki mapipa yalikuja, asubuhi, mbele ya watu. Ukaniambia nichague kokwa, mashine iko na wenyewe. Wakacheka."

Mimi sikukumbuka. Nimejaribu kukumbuka tangu siku hiyo, na sikumbuki hata kidogo. Yeye alikuwa anakumbuka hadi nguo niliyovaa.

Nikaenda kwa meneja na kokwa mbili mfukoni. Nilijua nikimwambia "mapipa yenu ni mabaya" atanionyesha risiti ya kuyanunua na tutagombana hadi jioni. Basi nikamwuliza tu, "Mkubwa, hebu tikisa hizi uniambie tofauti ni nini." Alizitikisa. Akazitikisa tena, akaenda dirishani mahali pasipo kelele. Akawa ndiye anayeniuliza mimi. Nikamwambia sijui vizuri, lakini kuna mtu anajua, na nikamwita Nyambura. Alhamisi ngazi iliegemezwa kwenye pipa, Nyambura akapanda, aproni ameifunga kiunoni, akatia mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa konzi ya kokwa za juu. Meneja akazitikisa moja moja pale chini. Hakuna iliyolia.

Ijumaa saa sita aliniuliza yako wapi majina. Nikamwambia sina. Akaniangalia sana, akasema nina wiki moja. Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Mafundi waliongeza kipimo kingine juu, wakaweka utaratibu wa kuzigeuza kokwa kabla pipa halijafunguliwa, na wanawake wa laini ya pili walikuwa wanatikisa kila kokwa waliyoitilia shaka. Vipande vilipungua siku baada ya siku. Laini ya pili haikufungwa, na hakuna aliyeenda nyumbani.

Meneja alibandika tangazo karibu na kantini akiupongeza "uongozi wa sehemu ya uchambuzi". Uongozi ndio mimi. Nilisoma, nikaona damu inapanda, nikachomoa kalamu nikaongeza kwa mkono, herufi kubwa, kwamba aliyegundua ni Nyambura wa laini ya pili. Meneja alipita akaona, akanyamaza. Hata yeye alikuwa anaanza kujifunza.

Baada ya hapo nilibadilisha ile asubuhi yetu. Niliacha kabisa kuuliza "Kuna swali?" Nikaanza kuuliza, "Jana kitu gani kiliwasumbua mkakipita tu?" Wiki ya kwanza hawakusema lolote, nami niliipangusa miwani mpaka nikaogopa itatoboka. Wiki ya pili mama mmoja akasema mlango wa choo haufungi. Wote wakacheka. Nilikuwa natarajia mawazo ya kuinua kiwanda, ninaletewa choo! Lakini nilienda siku hiyo hiyo nikamsimamia seremala mpaka komeo likawekwa. Sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu hushindwa. Watu watakupa kwanza kitu kidogo waone utakifanyia nini. Wiki iliyofuata nilipewa mawazo matatu kuhusu meza, na moja kati ya hayo bado linatumika, naambiwa.

Nilijifunza pia kuanza na aliyeajiriwa juzi, kabla wazee wa kazi hawajasema, kwa sababu wakishasema yeye ataitikia tu. Maoni yangu niliyaweka mwisho, na mara nyingi nikakuta hayahitajiki. Kama wazo halikuwezekana, nilirudi kwa mwenyewe nikamweleza sababu, uso kwa uso. Na wale wasioongea mbele ya watu niliwafuata mezani, nikakalia kreti. Shiro aliponisikia hapo akasema, "Tata, mimi siwezi kaa kwa kreti, niko na suruali ya ofisi." Nikamwambia atafute kreti safi.

Siku niliyoagwa walinipikia chapati kantini, wakaninunulia blanketi, na meneja akasema maneno mazuri ambayo nusu yake ni kweli. Jioni Nyambura, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa mapipa, akachukua blanketi langu anisindikize hadi steji ya matatu. Njiani nilisimama. Kuna jambo nilikuwa nimelibeba miaka mitatu na sikutaka kwenda nalo nyumbani.

"Nyambura, kuna kitu sijawahi kukwambia. Ile wiki ya kokwa..."

"Ile karatasi?"

Nikamwangalia.

"Niliiona, madam. Ile Jumanne jioni nilikuja ofisini kurudisha aproni, ulikuwa umeweka kikombe juu yake. Jina langu lilikuwa la kwanza."

Yaani Jumatano nilipokalia ile kreti, alikuwa anajua. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa sababu hiyo. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilichoweza kutoa ni swali jingine.

"Na bado ukanieleza? Ukijua nimekuandika?"

Akahamisha blanketi kutoka bega moja hadi jingine, akafikiria. Nami sikumharakisha.

"Nilijua umekuja kuniambia niende," akasema. "Halafu ukaniuliza kokwa zimekosa nini. Nilikuwa na miaka kumi na moja pale, madam, na hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu. Nikasema, hata kama naenda, hili acha nilijibu kwanza."